Nyuso Nyeupe za Ushirodani

Juni 7, 1972

Tumefika Ushirodani jioni, tumelowa mpaka mifupani. Lori la mitambo lilikwama kwenye tope na wanaume wakalisukuma huku wakitukanana. Kijiji kipo kama nilivyoambiwa: nyumba zimesimama, wenyewe hawamo. Walihamishwa mwaka mmoja uliopita, wakapewa vijumba vya safu mjini, upande wa pili wa mlima, kwa sababu bonde lote hili litazamishwa na bwawa. Mwongozaji wetu, Bwana Murakoshi, aliomba ruhusa ya kupiga filamu kabla maji hayajafungwa. Hadithi ni yake mwenyewe. Mwanamke anarudi kijijini kwao na kukuta kila mtu amekufa, ila hakuna aliyeacha kazi zake. Wanapika, wanafagia, wanasokota kamba. Ni yeye peke yake aliye hai, na hakuna anayemwona.

Kazi yangu ni nyuso. Mimi ndiye ninayewapaka wafu.

Nimekuwa na Murakoshi tangu filamu yake ya kwanza. Wengi humwita kichaa. Mimi namwona mtu pekee katika kazi hii asiyemdanganya mtazamaji. Akiniambia nimfuate kuzimu, nitamuuliza tu nibebe poda ya rangi gani.

Juni 8

Mvua. Hizi ndizo mvua za plamu, zinazonyesha tunda hilo likiiva, na wenyeji wanasema bonde hili huzipata mapema na kuziachia kwa shida.

Juni 10

Leo wameletwa wafu wetu. Ni wenyeji wenyewe, wazee karibu wote, waliofuatwa mjini kwa lori. Murakoshi alikataa waigizaji wa kukodi. Nilidhani watashuka wakilia. Hawakulia. Kila mmoja alishuka, akafuta miguu, akaenda moja kwa moja nyumbani kwake kama mtu aliyetoka gulioni.

Wa kwanza kuketi mbele yangu alikuwa Mzee Genpachi Oritate, aliyekuwa mchoma makaa. Uso wake ni wa mikunjo mirefu, na poda inazama humo kama theluji kwenye mitaro.

“Nipake vizuri, binti,” akaniambia. “Mke wangu yuko hapahapa. Asije akanicheka.”

Nikamuuliza kama mama naye amekuja na lori. Akacheka mpaka nikalazimika kuanza upya. Mkewe alifariki zamani. Watu wa bwawa walipohamisha makaburi walichimba mifupa yake pamoja na ya wengine wote, wakaipeleka makaburi ya mjini.

“Mifupa wameihamisha,” akasema. “Lakini yule mwanamke hakupenda safari hata siku moja.”

Maagizo ya Murakoshi yalikuwa mafupi. Aliwaambia: mmekufa, fanyeni mnayofanya kila siku, msitazamane. Kamera ikaanza. Kikongwe mmoja, Bi Otowa, akafagia kizingiti. Mzee Genpachi akawasha meko sebuleni. Wengine wakapita uchochoroni na ndoo, bega karibu na bega, kila mtu kama yuko peke yake duniani. Hakuna aliyekosea, hakuna aliyecheka. Nimewahi kuona waigizaji wakubwa wakifundishwa mwezi mzima wasifike hapo.

Murakoshi alipoita “kata,” waliendelea. Ilibidi aite tena na tena, na mwisho akaenda kumgusa Bi Otowa begani.

Juni 11

Mvua. Hatukupiga picha.

Juni 13

Nyota wetu, Minori Asabuki, anayeigiza yule mwanamke aliye hai, amekuja chumbani kwangu akitetemeka. Nilidhani ni baridi. Akasema ni wazee wale. Kwenye picha hawamtazami, na hilo ndilo agizo. Lakini leo wakati wa mapumziko Bi Otowa alizungusha chai, akampa kila mtu wa kikosi chetu kutoka Tokyo, alipofika kwa Minori akampita. Minori akamsalimia. Kikongwe akasogeza birika kidogo, kama mtu anayekwepa mlango ulioachwa wazi, akaenda zake.

Nikamwambia ni wazee, macho yao hayaoni vizuri. Nikamtengenezea chai mwenyewe. Akainywa yote lakini hakuamini.

Juni 14

Mvua. Mikanda imeanza kuota ukungu ndani ya makopo. Ebihara, mpigapicha wetu, anaikausha kwa mkaa na kulaani.

Juni 17

Jana lori linalowarudisha wazee kila jioni lilirudi mjini tupu. Dereva alipiga honi muda mrefu, hakuna aliyetokea, akaondoka. Tulidhani labda wamechoka, watalala siku moja tu. Jioni moshi ulitoka kwenye paa zote. Watu wa kikosi wakafurahi, wakasema kijiji kimepata uhai. Mimi pia nilifurahi.

Asubuhi hii nilipanga poda na brashi zangu kama kawaida, nikangoja. Hawakuja. Nikaenda nyumba hadi nyumba kuwaita.

Walikuwa wamekwisha kujipaka. Walitumia unga wa mchele uliokorogwa na maji, wakajipaka uso wote mpaka kwenye kope. Walikuwa wanakula kifungua kinywa hivyohivyo, vijiti mkononi, unga ukidondokea supu. Kwa Oritate niligonga, nikaita, nikaingia. Mzee Genpachi aliinua macho, yakapita juu yangu, yakarudi kwenye bakuli.

Nilisimama pale kwenye udongo wa mlangoni, viatu mkononi. Kisha akacheka.

“Umeogopa, binti. Nilikuwa najaribu tu.”

Nikacheka naye. Mikono yangu ilikuwa bado baridi nilipofika kambini.

Juni 18

Mvua.

Juni 20

Minori ameondoka. Hakumuaga Murakoshi, aliniaga mimi. Akasema jana wakati wa picha alimshika Bi Otowa mkono kama hadithi inavyotaka, na yule kikongwe akaupapasa mkono wake mwenyewe pale aliposhikwa, kama mtu aliyeumwa na mdudu, bila kutafuta mdudu yuko wapi. Akasema ataacha sinema kabisa.

Mchana simu ikaja kwenye ofisi ya bwawa kutoka kwa kampuni yetu Tokyo. Hakuna nyota, hakuna filamu, rudini. Murakoshi alitukusanya chini ya turubai akatusomea amri hiyo neno kwa neno, kisha akasema yeye haendi. Nyota hamhitaji tena. Kijiji ndicho nyota. Atapiga wafu wakiishi, basi, mpaka maji yaje.

Nusu ya kikosi wameondoka na lori la jioni. Ebihara amebaki kwa sababu anaipenda kamera yake kuliko mkewe, hayo ni maneno yake. Mimi nimebaki kwa sababu ya Murakoshi, au ndivyo nilivyomwambia Ebihara. Ukweli ni kwamba nilitaka kuona.

Juni 22

Bi Otowa anatia plamu chumvi. Ameziokota kwenye miti iliyo nyuma ya nyumba, ameziosha, anazipanga kwenye mitungi na kuihifadhi chini ya sakafu. Nilikaa kumsaidia kutoa vikonyo. Nikamuuliza zitaiva lini.

“Mwakani,” akasema.

“Mwakani hapa ni ziwa, bibi.”

“Najua.”

Akaendelea kupanga. Alikuwa akinionea huruma, kama unavyomhurumia mtoto anayeuliza usiku unaenda wapi asubuhi.

Juni 23

Mvua. Mto umebadilika sauti.

Juni 25

Amekuja ofisa wa bwawa, kijana mpole mwenye mwavuli uliovunjika. Mvua ya mwaka huu imezidi, kwa hiyo milango ya bwawa itafungwa mapema. Mashamba ya chini yamekwisha kupotea. Akatutaka tuondoke, na wazee watangulie. Akapita nyumba hadi nyumba kuwaambia. Nilimtazama kutoka mbali. Alisimama kwenye kila kizingiti, akainama, akasema, akangoja. Aliporudi alikuwa mweupe kuliko wao.

“Hawanisikii,” akaniambia. “Dada, ni viziwi wote?”



Juni 26

Fusae Oritate, binti wa Mzee Genpachi, amekuja kumchukua baba yake. Anafanya kazi mjini kwenye duka la tambi, na alikuja na aproni ya kazi, imelowa na kumganda. Aliingia ndani peke yake, akakaa huko. Sauti yake niliisikia, ya baba yake sikuisikia. Alipotoka alinifuata mimi, si Murakoshi.

“Wewe ndiye unayewapaka?”

Nikasema ndiyo.

“Ilituchukua mwaka mzima,” akasema. “Kila asubuhi alikuwa anaamka anatafuta mlango wa nyuma ambao kule mjini haupo. Mwaka mzima namwambia, baba, hapa ndipo kwetu sasa. Alikuwa ameanza kukubali. Ninyi mmekuja na poda yenu, mmemwambia anaweza kubaki mradi awe amekufa.”

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Nilimwendea Murakoshi nikamwomba tuache, tusaidiane kuwatoa watu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema hakumwambia mtu yeyote abaki, na kwamba keshokutwa maji yatafika kwenye kizingiti cha Oritate, na Mzee Genpachi amekubali kupigwa picha akiwa ameketi mekoni maji yanapoingia. Yakifika magotini tutamtoa kwa mtumbwi. Hiyo itakuwa picha ya mwisho. Baada ya hapo wazee wote watatoka, wamemwahidi.

Nikamuuliza: wamekuahidi kwa mdomo? Akageuka kuitazama mvua. Nimemtazama leo kwa muda mrefu kuliko siku zote, na nimeona kwamba huwa hapepesi macho mtu mwingine anapoumia. Nilikuwa naita hilo ujasiri.

Fusae amelala kambini kwetu. Nimempa nguo kavu. Amezipokea bila kunishukuru, na ni haki yake.

Juni 28

Naandika hili mjini, kwenye chumba cha nyumba ya wageni. Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi Mzee Genpachi alikuja kwangu mwenyewe. Uso alikuwa amenawa, hana unga. Akaketi, akasema leo hataki nyeupe.

“Leo nipake kama mtu aliye hai,” akasema. “Kama nilivyokuwa nikirudi kutoka tanuri la makaa, joto limenipiga.”

Nikafanya hivyo. Niliweka wekundu kidogo mashavuni, nikatia joto kwenye paji la uso, nikaipa midomo rangi ya damu. Fusae alikuwa amesimama nyuma yangu. Alimrekebishia baba yake kola, na yule mzee akampiga kidogo mkononi kama unavyompiga mtoto mdokozi. Hakuna mwingine aliyemgusa tena akiwa na fahamu, nadhani.

Murakoshi alipomwona akakasirika, akataka nimfute. Kisha akamtazama tena, akasema twendeni.

Kamera ilikuwa darini, Ebihara na Murakoshi wamelala kifudifudi juu ya mbao. Mimi nilikuwa kwenye ngazi, chini kidogo. Mtumbwi ulifungwa dirishani, na Fusae alikuwa ndani yake na ofisa yule wa mwavuli. Mzee Genpachi aliketi mekoni, akajimiminia chai. Mvua ilikuwa juu ya paa, huwezi kusikia hata pumzi yako.

Maji hayakuingia kwa kishindo. Yalikuja chini ya mlango kama paka. Yakazunguka udongo wa mlangoni, yakapanda sakafu, yakalowesha mikeka mpaka ikawa myeusi. Yalipofika mekoni moto ulilia mara moja ukazima, na majivu yakainuka, yakaelea kumzunguka. Yeye ameshika kikombe karibu na kifua, anatazama mlangoni kama anayemngoja mtu. Ulikuwa uzuri ambao sijapata kuuona. Ni lazima niliandike hili pia: niliona uzuri, na kwa muda sikufikiri jambo lingine.

Kisha kikombe kikainama. Chai ikamwagikia mapajani, ikatoa mvuke, na yeye hakushtuka.

Nikamtazama usoni. Uso ulikuwa hai. Mashavu mekundu, midomo ya damu. Ilikuwa kazi yangu, na ilikuwa nzuri. Nikashusha macho shingoni, pale rangi yangu ilipoishia, na shingo ilikuwa na rangi ya nta.

Juu yangu nilimsikia Murakoshi akimwambia Ebihara: “Endelea.”

Sikuita. Nilishuka ngazi, nikaingia majini, nikapita mbele ya kamera na koti langu la mvua la njano, nikamshika mabega. Alikuwa mwepesi. Nikamwegemeza kwangu ili asianguke usoni, nikakaa naye ndani ya maji hivyo, mpaka Fusae akaingia kupitia dirisha.

Daktari amesema ni moyo, na kwamba aliaga kabla maji hayajafika magotini. Amesema hivyo ili kutufariji.

Juni 29

Leo wazee wengine wametoka. Hakuna aliyebembelezwa. Walitoka kwa mstari, kila mmoja akafunga mlango wake, wakashuka mpaka ukingo wa maji, wakachuchumaa, wakanawa nyuso. Ziwa likawa jeupe kama maziwa pale walipokuwa. Bi Otowa alipopanda lori alinitazama usoni, akanisalimia kwa jina langu, Itsuko, akaniuliza kama nimekula.

Julai 2

Leo, baada ya kumpumzisha Mzee Genpachi, Murakoshi alikuja nyumbani kwa Fusae na kopo la mkanda. Alipiga magoti kwenye saruji ya mlangoni, akaliweka mbele yake. Akasema umo ndani, wa siku ile, na kwamba ataumwagia mafuta ya taa palepale uani endapo Fusae atamwambia.

“Ulijua?” Fusae akamuuliza.

“Nilijua. Nilijua kabla Itsuko hajashuka ngazi.”

“Kwa nini hukuacha?”

“Sina jibu litakalokufaa.”

Nilimchukia, lakini nikaona pia kwamba angeweza kusema uongo na hakuna ambaye angejua.

Fusae alilishika kopo. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitegemea: je, nyumba inaonekana? Murakoshi akasema inaonekana yote. Akasema basi nionyesheni.

Julai 9

Mvua. Tumeonyesha mkanda kwenye ukumbi wa vijumba vya safu, kwenye shuka. Wazee wote walikuja. Hakuna sauti iliyorekodiwa, kwa hiyo ilikuwa mvua ya nje tu. Walikuwa wakionyeshana kwa vidole: ule ni msumari wangu, lile dirisha nililitengeneza mimi. Alipotokea Genpachi wote wakakaa wima. Nilijitazama nikipita kwa koti la njano, nikatamani ardhi ipasuke.

Taa zilipowashwa Fusae akasema mkanda usichomwe, uwekwe kwenye filamu.

“Mwaka mzima hapa alikuwa na uso wa kuazima,” akasema. “Ule ndio wake.”

Nikajaribu kumwambia kwamba ule ulikuwa rangi.

“Najua ni rangi, dada. Nina macho.” Kisha akamgeukia Murakoshi. “Lakini usikate alipoingia huyu. Watu waone kwamba kuna mtu aliyekwenda kumshika.”

Julai 16

Anga imefunguka. Mvua za plamu zimekwisha. Naondoka kesho. Sitafanya kazi na Murakoshi tena, na nimemwambia hivyo. Aliinama, akasema anaelewa, na nadhani kweli alielewa.

Agosti 21, 1994

Nimekuta kurasa zimebaki, nami sina mwingine wa kumwambia.

Filamu ile ilionyeshwa wiki moja, ukumbi mtupu, kisha kampuni ikaificha. Murakoshi hakupewa kazi nyingine, akafa bila kujua kilichofuata. Sijui nani aliitoa ghalani. Wanafunzi walianza kuionyesha vyuoni, kisha kwenye kumbi ndogo kila mwaka mvua zikianza. Vijana wanaitazama mara nyingi kuliko inavyofaa. Wanasema inawafuata nyumbani. Waongozaji wa siku hizi wote wamewahi kuiba kwake zile nyuso zisizotazamana. Mimi sikuenda kuitazama.

Mwaka huu hakuna mvua. Ziwa limekauka, na Ushirodani imetoka. Fusae alinipigia simu akaniomba twende pamoja, peke yake hawezi.

Tulishuka mchana, jua kali, tope limepasuka kama magamba. Hakuna paa, hakuna ukuta, ni mawe ya misingi tu na visiki. Fusae alitembea huku na huku akiwa ameziba mdomo kwa leso. Amezaliwa pale na hakuweza kujua nyumba yao ilikuwa wapi.

Kulikuwa na vijana kule chini, wametawanyika, wa Tokyo kwa mavazi yao. Walitembea taratibu bila kuzungumza wala kutazamana. Lakini kila mmoja alikuwa akijua anakokwenda. Walipinda pale palipokuwa na uchochoro. Walizunguka kona za nyumba zisizokuwepo.

Msichana mmoja alimwona Fusae amepotea, akamkaribia na kumuuliza kwa adabu anatafuta nini.

“Kwa Oritate,” Fusae akasema.

“Kwa mchoma makaa? Mmepita, mama. Rudini mpaka kisimani, halafu kushoto. Mlango wake wa nyuma unatazama mlima.”

Fusae akamuuliza yeye ni wa ukoo gani wa hapa. Msichana akaona haya. Akasema hana kwao hapa, ameiona filamu tu, mara nyingi.

Akatuongoza. Tukafika kwenye jiwe pana la kizingiti, jeupe kwa jua. Fusae akapanda, akasimama upande wa ndani, pale palipokuwa na mikeka. Msichana hakumfuata. Alibaki nje ya jiwe, akavua viatu vyake, akavipanga vizuri kwenye tope, ncha zikitazama nje, akainamisha kichwa.

“Hodi,” akasema.

Fusae alinitazama, kisha akamtazama yeye.

“Karibu,” akasema. “Karibu ndani, mwanangu.”